Alama za vinasaba na mahindi chotara: zinasoma nini, na maana yake inatoka wapi

Chukua mtafiti wa mbegu aliye na koo 200 za mahindi upande wa mama na nyingine 200 upande wa baba. Kila mama anaweza kuchavushwa na kila baba, kwa hiyo machotara yanayoweza kuzaliwa ni 40,000. Kuyajaribu yote haiwezekani. Chotara moja tu linatakiwa lipandwe mahali kadhaa, katika vipande vinavyorudiwa, kwa zaidi ya msimu mmoja, ndipo mtu aamini kwamba mavuno yake yametokana na urithi wala si rutuba ya kona moja ya shamba. Kituo chenye fedha za kawaida kitamudu mamia. Chotara bora kuliko yote katika hayo 40,000 linaweza kubaki kwenye karatasi bila mtu yeyote kujua uwezo wake.

Alama za vinasaba, yaani mahali kwenye DNA ambapo mimea hutofautiana na panapoweza kusomwa maabara, hutumika kupunguza upofu huo, na zinaeleweka vibaya kwa njia mbili. Wapo wanaodhani ni namna ya kupandikiza jeni ngeni ndani ya mahindi. Sivyo. Alama haiingizi kitu chochote kwenye mmea, inasoma tu kilichomo, na mahindi yaliyochaguliwa kwa alama huzaliwa kwa chavua na suke kama mengine. Wapo pia wanaodhani kwamba maabara ikishasoma DNA ya punje inaweza kutaja mavuno yake. Hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi, maana linaweza kumfanya mwenye kugawa fedha apunguze mashamba ya majaribio ili aongeze mashine, wakati kila alama yenye manufaa iliyapata manufaa hayo shambani, kwa watu waliopanda mimea na kuipima.

Ugumu wa chotara lenyewe

Mmea wa mhindi hubeba chavua juu, kwenye mbelewele, na mayai chini, kwenye suke. Upepo huchukua chavua ya mmea huu ukaipeleka kwenye ndevu za suke la mmea ule, kwa hiyo shamba la mbegu za kienyeji ni mchanganyiko mkubwa wa urithi. Mwaka 1908 George Shull, aliyekuwa akifanya kazi Cold Spring Harbor nchini Marekani, alichapisha matokeo ya kufanya kinyume chake: aliichavusha mimea kwa chavua yake yenyewe, kizazi baada ya kizazi. Mimea ilidhoofika, ikawa mifupi na yenye masuke madogo, lakini kila ukoo ukawa na sura moja. Alipokutanisha koo mbili dhaifu za namna hiyo, watoto walitoka na nguvu iliyowaacha wazazi mbali.

Kila kizazi cha kujichavusha hupunguza kwa nusu zile sehemu za DNA ambako nakala iliyotoka kwa mama inatofautiana na iliyotoka kwa baba. Baada ya vizazi 6 inabaki asilimia 1.6 hivi ya tofauti iliyokuwapo mwanzo. Huo ndio ukoo safi, na chotara ni mtoto wa koo safi mbili.

Sasa ugumu wenyewe: mavuno ya ukoo safi hayatuambii vizuri mavuno ya chotara litakalotokana nao. Ukoo wenye masuke ya kusikitisha unaweza kuwa mzazi wa chotara la ajabu, na ukoo wa kupendeza ukazaa machotara ya wastani. Njia ya uhakika ya kumjua mzazi ni kumzalisha na kuwapima watoto wake. Ndiyo maana watafiti huzigawa koo zao katika makundi mawili au zaidi ambayo yakikutana huzaa vizuri, na huboresha kila kundi peke yake. Mfano unaotajwa sana ni B73, ukoo uliotolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa mwaka 1972, na Mo17 wa Missouri uliotolewa mwaka 1964. Kila mmoja una sifa zake, lakini jina lao lilijengwa na mtoto wao.

Kwa hiyo mtafiti ana kazi mbili zinazoendeshwa pamoja: kuziboresha koo, na kutafuta ni zipi zikutanishwe. Alama husaidia zote mbili, ila kwa namna tofauti kabisa.

Alama ni nini

Mahindi yana jozi 10 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA, zenye herufi za DNA zipatazo bilioni 2.3. Jenomu ya B73, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2009 ilionekana kuwa na jeni zaidi ya 30,000, na takriban asilimia 85 ya DNA yote ilikuwa vipande vinavyojirudia, ambavyo katika historia ya mmea vimekuwa vikihama na kujinakili huku na huko. Ukilinganisha koo mbili utakuta mamilioni ya mahali ambapo mmoja una herufi A na mwingine G, au mmoja una C na mwingine T. Kila mahali pa namna hiyo panaweza kuwa alama.

Sehemu kubwa ya alama hizi hazifanyi kazi yoyote mwilini mwa mmea. Thamani yake ni ujirani. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, kromosomu ya mama na ya baba hubadilishana vipande, na vitu vilivyo karibu kwenye kromosomu moja husafiri pamoja mara nyingi kuliko vilivyo mbali. Alama ni kama mnazi ulio kando ya nyumba unayoitafuta: mnazi si nyumba, lakini ukiwa umegusa ukuta hutapotea, na ukiwa ng'ambo ya pili ya kijiji unaweza kubisha hodi kwa watu wengine. Kitaalamu, ikiwa nafasi ya alama kutengana na jeni katika kizazi kimoja ni asilimia 1, basi mimea 99 kati ya 100 itasomwa sawasawa. Ikiwa ni asilimia 10, mmoja katika kila 10 utakudanganya, na uongo huo unaongezeka kila kizazi. Alama nzuri kuliko zote ni ile iliyo ndani ya jeni yenyewe.

Vifaa vimebadilika haraka. Miaka ya 1980 DNA ilikatwa kwa vimeng'enya na kutazamwa kipande kwa kipande, kazi ya siku nyingi kwa alama chache. Miaka ya 1990 zikaenea alama za vipande vifupi vinavyojirudia. Leo zinasomwa herufi moja moja, kwa maelfu, kutokana na kipande kidogo cha jani au unga uliokwanguliwa kwenye punje. Punje iliyokwanguliwa upande usio na kiini bado huota, na hiyo si faida ndogo: mtafiti anaweza kutupa punje zisizofaa kabla ya kuzipanda, akaokoa shamba, maji na vibarua.

Jeni moja yenye nguvu

Alama hung'ara pale sifa inapotawaliwa na jeni moja au mbili zenye nguvu. Sijui mfano unaofundisha zaidi ya mahindi yenye protini bora. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Edwin Mertz na wenzake Lynn Bates na Oliver Nelson walionyesha kwamba badiliko moja la urithi linaloitwa opaque-2 huongeza sana laisini katika punje, asidi amino ambayo mahindi ya kawaida yana upungufu wake. Furaha ilikuwa kubwa, lakini punje hizo zilikuwa laini na za kichokaa, wadudu wa ghalani walizipenda na masuke yalioza kwa urahisi. Surinder Vasal na Evangelina Villegas, wakiwa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano nchini Meksiko, walifanya kazi ya miaka mingi kurudisha ugumu wa punje bila kupoteza protini, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Jeni ya opaque-2 hujificha: mmea wenye nakala moja tu huonekana wa kawaida, na sifa hujitokeza nakala zote mbili zikiwapo. Sasa fikiria unataka kuihamishia kwenye ukoo wako mzuri. Unamkutanisha mzazi mwenye jeni na ukoo wako, kisha unawarudisha watoto kwa ukoo huo huo tena na tena, ili jeni ibaki na mengine yote yafanane na ukoo wako. Kila unaporudisha, nusu ya watoto wana nakala moja na nusu hawana kabisa, na kwa macho wote ni sawa. Kabla ya alama ilibidi mtafiti achavushe kila mmea kwa chavua yake, asubiri punje, azipime, ndipo ajue amrudishe nani. Msimu mzima ulipotea katikati ya kila hatua. Kwa kuwa zipo alama ndani ya jeni yenyewe ya opaque-2, jibu sasa hupatikana mche ukiwa na majani machache, kabla haujatoa ua.

Hata hapo kazi haiishi maabara. Ugumu wa punje unaongozwa na jeni nyingi ndogo ndogo ambazo hakuna alama moja inayozikamata, kwa hiyo mtafiti bado huzipanga punje juu ya kioo chenye taa chini yake na kuchagua zile zinazopitisha mwanga kwa kiasi anachotaka. Kisha hupima laisini na triptofani, asidi amino nyingine, kwa sababu punje inaweza kuwa na alama sahihi na bado kiwango chake kikawa cha chini.

Alama zina msaada wa pili katika kurudisha kwa mzazi, na huu husahaulika. Mtoto wa kwanza ana nusu ya urithi wa ukoo unaoutaka. Akirudishwa mara moja wastani unakuwa asilimia 75, mara mbili 87.5, mara tatu 93.75, na kufika zaidi ya 98 huhitaji mara tano. Lakini hizo ni wastani. Miongoni mwa watoto 100 wa hatua moja wapo waliobahatika kupita wastani kwa mbali, na alama zilizotawanywa kwenye kromosomu zote 10 huwataja. Ukiwachagua hao kila mara, mara mbili au tatu zinaweza kutosha. Zaidi ya hapo, jeni unayoihamisha huja na kipande kirefu cha kromosomu ya mzazi wa zamani, na ndani yake zinaweza kuwamo jeni za mavuno duni. Alama za pande mbili za jeni hukuonyesha mmea ambao kipande hicho kimekatika karibu.

Ugonjwa hatari wa kukausha mahindi uliotambuliwa nchini Kenya mwaka 2011 unaonyesha kwa nini chotara lina masharti yake. Ugonjwa huo huletwa na virusi vya aina mbili vinaposhambulia mmea mmoja kwa pamoja, na sehemu kubwa sana ya mbegu na koo zilizojaribiwa hazikuustahimili. Ustahimilivu mkubwa ulipatikana katika koo za KS23 zilizotoka Thailand, na utafiti ukaonyesha eneo lenye nguvu kwenye kromosomu ya 6. Eneo hilo nalo hurithiwa kwa kujificha. Kwa mbegu ya chotara hii ina maana kwamba kumrekebisha mama peke yake hakusaidii: eneo hilo lazima liwemo kwa mama na kwa baba, la sivyo chotara litakuwa na nakala moja na litaugua. Koo mbili zirekebishwe sambamba, kila moja kwa safari yake ya kurudishwa. Bila alama, hiyo ingekuwa kazi ya kukatisha tamaa.

Mavuno hayana jeni moja

Ushindi wa namna hiyo uliwafanya watu watarajie hivyo hivyo kwa mavuno: zitafutwe jeni kubwa za mavuno, ziwekewe alama, zikusanywe katika ukoo mmoja. Matumaini hayo hayakutimia, na sababu yake inastahili kuelezwa taratibu.

Mwaka 2009 kundi kubwa la watafiti lilichapisha uchunguzi wa muda wa kutoa maua katika koo zipatazo 5,000 zilizotokana na familia 25. Muda wa kutoa maua ni sifa rahisi kupima kuliko mavuno, na hurithiwa kwa nguvu zaidi. Hata hivyo hawakukuta jeni kubwa yenye kuamua. Walikuta maeneo mengi, kila moja likisogeza maua kwa kiasi kidogo sana. Ikiwa maua yako hivyo, mavuno, ambayo ndani yake mna maua, mizizi, majani, magonjwa, ukame na idadi ya punje, yana maeneo mengi zaidi na madogo zaidi.

Ongeza tatizo la takwimu. Ukitafuta maeneo ya mavuno katika mimea mia moja au mia mbili, yatakayopita kizingiti cha kuaminika ni yale ambayo bahati iliyakuza mwaka huo. Yakipelekwa kwenye familia nyingine nguvu yake hupungua au hutoweka. Si kwamba watafiti walidanganya. Kizingiti chenyewe kiliwachagua waliobahatika.

Njia iliyofungua mlango ilikuwa kuacha kutafuta mashujaa. Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard walipendekeza kwamba alama zote, maelfu kwa pamoja, zipewe kila moja uzito mdogo, bila kuuliza ni ipi muhimu. Kwanza hupandwa kundi la mafunzo: mimea ambayo imesomwa DNA na pia imepimwa mashambani. Hesabu hutafuta uzito wa kila alama unaoelezea vipimo hivyo vizuri iwezekanavyo. Kisha mmea ambao haujawahi kupandwa husomwa alama zake, uzito hujumlishwa, na hupatikana makadirio. Katika mahindi chotara wazo la karibu na hilo lilikuwa limeshajaribiwa: mwaka 1994 Rex Bernardo alionyesha kwamba mavuno ya chotara ambalo halijapandwa yanaweza kukadiriwa kutokana na alama za wazazi na matokeo ya machotara yaliyo ndugu zake.

Turudi kwenye yale machotara 40,000. Mtafiti hupanda mia chache, lakini kwa mpango: kila mama na kila baba aonekane katika chotara moja au zaidi. Wazazi wote wamesomwa alama, kwa hiyo alama za machotara yote zinajulikana bila kuyazalisha, maana chotara ni jumla ya wazazi wake. Makadirio ya yale yasiyopandwa hutoka hapo. Uaminifu wake haulingani. Chotara ambalo mama na baba yake wote wamejaribiwa katika machotara mengine hukadiriwa vizuri zaidi. Lenye mzazi mmoja aliyejaribiwa hufuata. Lisilo na hata mmoja ndilo la kutilia shaka zaidi. Tena mchango wa kila mzazi kwa watoto wake wote ni rahisi kujifunza kuliko ule wa pekee unaotokea wawili fulani wanapokutana.

Makadirio hayo si sahihi kama jaribio la shambani, na wengi hushangaa kwa nini yanatumika. Jibu ni muda. Tuseme jaribio la shambani lina usahihi wa 0.8, pale 1 ikiwa ni ukamilifu, na mzunguko wake ni miaka 4, wakati makadirio ya alama yana usahihi wa 0.5 na mzunguko wa mwaka 1. Mambo mengine yakiwa sawa, la kwanza linakupa 0.2 kwa mwaka na la pili 0.5. Kosa kubwa zaidi kwa kila uamuzi, lakini maendeleo ya haraka zaidi, mradi usiache kulirekebisha kosa hilo.

Njia hii huenda vizuri na uzalishaji wa koo safi kwa hatua mbili badala ya vizazi sita. Mmea huchavushwa na ukoo maalumu unaosababisha baadhi ya punje ziwe na seti moja tu ya kromosomu, ile ya mama. Ukoo huo una jeni ya rangi ya zambarau: punje ya kawaida huonyesha zambarau utosini na kwenye kiini, na ile yenye seti moja huwa na zambarau utosini peke yake. Mche wake hutiwa dawa inayozidisha kromosomu, na ukoo safi kamili hupatikana mara moja. Napenda kwamba hapa alama inayofanya kazi ni rangi inayoonekana kwa macho, bila mashine ya kusoma DNA.

Inapokosea

Uhusiano wa alama na jeni si wa kudumu. Kila kizazi kromosomu hubadilishana vipande, na katika mahindi, yenye utofauti mkubwa wa urithi, ujirani huo huvunjika upesi kuliko katika mazao yanayojichavusha. Herufi G iliyoambatana na mavuno mazuri katika familia moja inaweza kuambatana na mabaya katika nyingine. Uzito uliokokotolewa miaka mitano iliyopita, kwa koo ambazo zimeshaondolewa, ni wa kutilia shaka. Kundi la mafunzo lazima liongezewe mimea mipya iliyopimwa, mzunguko baada ya mzunguko.

La pili ni mazingira. Kundi la mafunzo lililopimwa kwenye ardhi yenye mbolea na maji ya kutosha linafundisha hesabu kuchagua mahindi ya ardhi hiyo. Ikiwa mbegu inakusudiwa kwa wakulima wa mvua haba na udongo uliochoka, basi huko ndiko majaribio yanatakiwa yafanyike, japo ni ghali na vipimo vyake huyumba zaidi. Hakuna idadi ya alama inayofidia shamba lililochaguliwa vibaya.

Mbegu iliyo mfukoni

Matumizi ya mwisho hayana sifa kubwa, ila ndiyo yanayomgusa mkulima moja kwa moja. Katika shamba la kuzalisha mbegu chotara, mistari ya mama hung'olewa mbelewele ili ipokee chavua ya baba peke yake. Mbelewele chache zikisahaulika, baadhi ya mama watajichavusha, na punje zao zitauzwa kama chotara wakati zitaota mimea dhaifu. Kwa macho punje hizo hazitofautiki. Kwa alama jambo ni rahisi: pale wazazi wanapotofautiana, chotara la kweli lazima lionyeshe herufi zote mbili, ya mama na ya baba. Punje inayoonyesha herufi za mama tupu imetokana na kujichavusha. Na ikijitokeza herufi ambayo mama wala baba hawana, chavua imevuka kutoka shamba jingine. Alama chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha kwa kazi hiyo, na matokeo yanaweza kupatikana mzigo ukiwa bado ghalani, kabla gunia halijafunguliwa na mbegu kugawanywa katika pakiti.